Utakatwa

Jumatatu, 10 Juni 1974

Karatasi imenasa tena kwenye mashine ya kuchapa. Bili zote za mtaa wa Mengo, hapa Kampala, zimejikunja. Nimetukana kwa Kitaita, hakuna aliyeelewa, roho ikatulia.

Lakini kazi inakwenda. Zamani waendeshaji wawili, wanawake, walikesha hapa wakiilisha kompyuta kadi, kazi moja baada ya nyingine, kisha alfajiri wavuke vizuizi vya wanajeshi kurudi kwao. Sasa nimeziunganisha kazi zote. Mwenzangu Nakato anapakia kadi jioni, tunafunga mlango, tunakwenda kulala. Asubuhi bili za maji ziko tayari, pamoja na notisi za wasiolipa. Hakuna mwanamke tena wa kuelekezewa bunduki njiani kwa ajili ya bili. Najivunia hilo. Sina wa kumwambia, basi najiambia.

Jumatano, 12 Juni

Amri kutoka juu: notisi ziwe kwa Kiswahili, sasa ndiyo lugha ya taifa. Bwana Opio, mkuu wetu, kanipa mimi. Mkenya, atajua. Karatasi ni zile za zamani, kichwa chake kimeshachapwa kwa Kiingereza, na nafasi iliyobaki ni finyu. ONYO LA MWISHO imeingia vizuri. MAJI YATAKATWA imezidi kwa herufi moja.

Nakato, ambaye ndiye anayetoboa kadi, akasema, "Andika maji itakatwa. Inaenea. Watu wataerewa."

Inaenea kweli. Lakini siwezi. Shuleni Voi nilichapwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Nikamcheka, nikaandika UTAKATWA, basi. Neno maji si lipo juu kwa Kiingereza? Chini jina la Bwana Opio, kama kawaida.

Jumatatu, 17 Juni

Kapteni mmoja wa Old Kampala, aliyepewa nyumba ya fundi cherehani Mhindi aliyefukuzwa nchini, ameletewa notisi. Hajawahi kulipa maji, wala hajawahi kudaiwa. Nakato amenieleza leo, mlango ukiwa umefungwa: wale waendeshaji wa usiku walikuwa wakizitoa notisi za nyumba za wanajeshi na kuzichoma. Hakuna aliyeniambia nilipoziunganisha kazi. Nani angelitamka jambo kama hilo? Kwa hiyo mashine haikuambiwa imwogope nani.

Kapteni hasomi Kiingereza. Alichosoma ni Kiswahili tu. Onyo la mwisho, utakatwa. Kambini ukisikia kukatwa, ni shingo. Amemshika tarishi wetu shati na kumuuliza, huyu Opio ni nani?

Opio. Jina la watu wa Lango, kabila la rais aliyepinduliwa, na siku hizi jeshi halitaki hata kulisikia.

Jumanne, 18 Juni

Nimefika kabla ya wote. Notisi nyingine zilikuwa zimeshachapwa usiku, nadhifu, karatasi haikunasa hata mara moja. UTAKATWA, UTAKATWA, mpaka mwisho wa rundo. Nimezichana zote chooni. Nakato ametoboa kadi mpya. Maji itakatwa. Nimeiacha hivyo hivyo.

Alhamisi, 20 Juni

Wamemchukua.

Walikuja wanaume wa mashati ya maua, wale wa usalama. Wakamwambia Bwana Opio avue viatu. Mjini hapa kila mtu anajua maana yake: anayevuliwa viatu harudi. Mmoja akatugeukia, akauliza kama kuna mwingine anayehusika na notisi. Nilikuwa hapo hapo, ningenyoosha mkono ningemgusa. Nikazitazama kadi. Bwana Opio hakugeuza hata jicho upande wangu.

Mimi ni mwoga. Naandika hivi nisije nikajidanganya baadaye.

Ijumaa, 21 Juni

Nakato anasema nipande basi la Busia leo hii, nivuke mpaka wa Kenya. "Nenda, nnyabo," kaniita bibi kwa Kiganda. "Mimi sitasema." Nimefunga nguo. Nimezifungua. Nikikimbia watajua ni mimi. Nikikaa nitangojea wanijie. Kila gari linalopunguza mwendo hapa ninapoishi Kisugu, najikuta nimesimama katikati ya chumba.

Mke wa Bwana Opio amekuja ofisini. Amekaa kwenye benchi hadi tukafunga. Nilipita mbele yake bila kumsalimia, naona aibu hadi sasa.

Jumapili, 23 Juni

Sikwenda kanisani. Sikula. Naogopa, basi. Sina lingine la kuandika.

Jumanne, 25 Juni

Amerudi. Yuko hai.

Amevimba upande mmoja wa uso, na anatembea kama sakafu inamchoma. Watu walimsalimia kana kwamba alikuwa likizo. Ndivyo tunavyosalimiana sasa. Nilimfuata chumbani kwake, nikafunga mlango, nikamwambia: mzee, lile neno lilikuwa langu.

"Mimi najua," akasema. "Niliambia wao ni mimi naandika. Nilisema nilitaka kusema maji, neno ikapotea. Kiswahili yangu ni mbaya, wao wakasikia, wakacheka. Wakapiga, wakacheka tena, mwisho wakafukuza mimi."

Akaketi polepole.

"Kiswahili yako haina makosa, Wakesho. Kwa wewe hawangecheka."

Aliomba chai. Vidole vyake havikunjiki, kwa hiyo nilimshikia kikombe, akanywa taratibu hadi kikaisha.