Karani wa Sura ya Sita

Jumatatu, 8 Machi 1993
Riwaya tena, darasa la tano la sekondari. Kitabu cha Kifaransa cha zamani, nakala moja shule nzima. Mimi nasoma, wao wanaandika. Ubaoni: wahusika, matukio, taswira. Sura ya sita watu wanafukuzwa mjini, na karani mmoja anaandika majina yao. Niliwaambia ni mhusika mdogo, tusonge mbele. Msichana mmoja, Kapinga, akanyoosha mkono. "Mwalimu, juu ya nini mwandishi anatuonyesha mara tatu anapuliza wino ikauke? Mi naona ni yeye alibaonyesha bale banafukuza milango ya batu." Nikamjibu ni pambo tu. Darasa likamcheka. Nilifurahi. Miaka kumi na miwili nafundisha, sipendi kufundishwa.

Jumatano, 10 Machi
Mjini gumzo ni Wakasai tu, wafukuzwe warudi kwao. Vijana wanawaita bilulu, wadudu. Babu yake Kapinga aliletwa hapa kutoka Kasai kuchimba shaba. Baba yake kazaliwa Kolwezi kama mimi. Sijasema neno popote. Sisi wa Katanga hatuguswi, basi tunanyamaza.

Ijumaa, 12 Machi
Prefe, mkuu wetu wa shule, alitaka orodha ya wanafunzi wenye asili ya Kasai, na nyumba wanazokaa. Ya ofisi, alisema. Sikuuliza ofisi gani. Rejista naijaza mwenyewe kila Septemba, na safu ya asili ya baba imo. Nimeijaza miaka yote kama mtu anavyojaza tarehe. Majina kumi na moja. Nilipiga mistari kwa rula, nikatumia kalamu yangu ya wino, nikaupuliza ukurasa ukauke. Prefe akasifu mwandiko. Nikatabasamu, mjinga mimi.

Jumanne, 16 Machi
Jana vijana walipita nyumba kwa nyumba. Jirani yake Kapinga aliwaona na karatasi iliyopigwa mistari vizuri. Walisoma jina la mtoto, wakamtoa baba.

Familia nzima iko stesheni, inangoja treni ya Kasai.

Nimefungua sura ya sita. Mara tatu anapuliza, kweli. Msichana wa miaka kumi na sita alimwona yule karani. Mimi nimesoma ukurasa ule miaka kumi na miwili, nisimwone, kisha nikafanya kazi yake. Naona aibu. Si huzuni, ni aibu, sitaki hata mke wangu aniangalie. Lazima niwaambie ni mimi, kabla treni haijaja. Kesho.

Alhamisi, 18 Machi
Sikwenda. Jana nilisingizia mvua. Leo haikunyesha.

Jumamosi, 20 Machi
Nimekwenda. Watu wamelala juu ya simenti, na vitanda, sufuria, cherehani. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Baba yake Kapinga akaniwahi, akanishika mkono, akawageukia wenzake: "Muangalie, huyu ni mwalimu ya mutoto wangu. Amekuja kutuaga. Batu bazuri beko huku Kolwezi." Kapinga akanisogezea gunia nilikalie. "Ikala, tata mwalimu. Tukule."

Bukari, ugali wetu, na samaki wadogo wakavu. Sahani moja, watu saba. Nikakaa. Nikala. Nilikuwa bado naweza kusema ni mimi.

Mama yake aliona mkono wangu umesimama juu ya sahani, akadhani naona haya kula chakula chao. Akaniongezea samaki.