Maneno ya Mama Niliyoyameza

Waberi, Garissa
12 Septemba 1996

Kwako abaayo Risper, dada yangu nisiyezaliwa naye,

Salaam aleikum, na najua utaitikia "Bwana asifiwe". Hujambo wewe na watoto? Huko Kisumu umepata maziwa ya ngamia, au bado unatulilia? Sisi tu wazima, ila mama yangu Weris aliugua, na sasa ana nafuu.

Wakumbuka alipopungukiwa damu ukampa vidonge vya chuma? Tangu uhamishwe miaka mitano iliyopita hakuviacha. Mimi ndiye niliyemnunulia, asubuhi na jioni, nikiamini damu haizidi. Mwezi wa sita ngozi yake ikaingia rangi ya shaba, na ubavu wa kulia ukamuuma.

Daktari Koome, mtu wa Meru, mpole, alisema chuma kimemjaa na kinalila ini kama kutu inavyokula bati. Vidonge vitupwe, atolewe damu kila wiki, na ameze vitamini E ya kupunguza makali ya ile kutu. Hairudishi kilichoharibika, alisema, ila huenda ikalinda kilichobaki. Tena amemruhusu chai pamoja na chakula, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini. Wewe ulimkataza chai hiyohiyo! Mama anasema hatimaye serikali imetuletea mtu mwenye akili.

Sasa nikwambie nililolitenda. Mama hajui Kiswahili wala daktari hajui Kisomali, hivyo mimi ndiye mkalimani. Daktari alipouliza nani aliagiza vidonge miaka yote hiyo, mama alijibu, "Risper alisema miezi mitatu tu. Ni binti yangu aliyeogopa kunipoteza." Mimi nikatafsiri kwamba ni muuguzi Risper. Akaandika jina lako kwenye faili, akasema atamwandikia mkubwa wako. Mama alisikia jina lako tu, akatabasamu, akidhani nakusifu.

Siku tisa zilipita hivyo, abaayo. Jana nilimweleza daktari ukweli. Alikuwa hajaandika hiyo barua. Alikata jina lako, akaweka langu. Asubuhi hii nimemwambia mama.

Nakuandikia kwenye benchi la hospitali. Wasalimie watoto na mzee wako. Ningesema mengi, lakini mama ameuficha mkono ndani ya shuka, na amekataa kutolewa damu mpaka aione bahasha hii imefungwa.

Nisamehe.

Ndimi dada yako,
Maka