Wimbo wa Wabeba Chuma

Amisi, mujukuu wangu, mume wangu mudogo huko Lubumbashi,

Pokea salamu za bibi yako. Mimi niko muzima, ni magoti tu yananisumbua. Mama yako iko Lusangi anavuna mpunga, na mbuzi wako amezaa.

Umeniuliza kwa nini babu yako hakuimba hata siku ya harusi ya mama yako, wakati wazee wote wa Kabambare wanasifu sauti yake.

Wakati wa Wabelgiji alifanya kazi ya kuyeyusha chuma kwenye karakana ya mgodi. Wanaume wanne walibeba chungu chenye chuma kilichoyeyuka, na wimbo ndio uliwaongoza miguu. Mmoja akikosea hatua, wote wanaungua. Babu yako ndiye aliwaimbisha. Chuma kikimiminwa, mchanga wa kalibu, ule wa kukipa chuma umbo, uliochanganywa na dawa, ulitoa moshi mukali sana. Nikamukatia kitambaa cha kufunga puani na kinywani. Alikivaa asubuhi moja, akanirudishia.

“Muke wangu, nikifunga kinywa, wenzangu watatembea na nini?”

Akaendelea kuimba ndani ya moshi ule, mpaka kifua kikaanza kulia kama filimbi, na sauti ikakatika.

Mama yako alipozaliwa, babu yako hakuweza kumuimbia. Alimulaza kifuani, akamupigapiga mgongoni na vidole, polepole, kwa mwendo ule ule wa wabeba chuma. Mutoto akalala.

Na wewe, mama yako alikulaza hivyo hivyo. Unasema hukumusikia babu yako akiimba? Ulilala na wimbo wake kila siku.

Bibi yako wa Kabambare