Ribeni ya Mama Kipruto

Jumatatu, 3 Machi
Nimepaka cherehani mafuta, nimemaliza kaptula tatu za shule, nikarudi kwa blanketi la vipande. Safu ya kwanza imeisha. Vipande kumi na vinne, vyote kutoka kwa nguo za Nafula za utotoni. Nimeipima kwa ribeni. Imepita kwa inchi nzima. Nimepima mara tatu. Sielewi.

Niandike vizuri, maana kichwa kimejaa. Nafula, binti yangu wa pekee, anaolewa na Kipruto wa Chepsaita tarehe ishirini na mbili. Kwa kanisa la kina Kipruto, kila mama anashona nusu ya blanketi nyumbani kwake, kisha nusu zinaunganishwa mbele ya wageni. Mama Kipruto ni mkulima wa mahindi. Amemaliza yake tangu Februari, akanitumia ribeni iliyokatwa sawa na safu yake. Mimi ni fundi wa nguo hapa mtaa wa Pioneer miaka ishirini na miwili. Nusu zikikataa kukutana, watu wote watajua nani alikosea. Na Nafula ataingia kwao na aibu yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Ni uzi. Nina hakika. Natumia ule mnene wa yunifomu, usiokatika mtoto akiruka ua. Haufai kwa vipande vidogo. Nimenunua uzi mwembamba wa pamba na sindano ndogo. Nimefumua safu nzima, nikashona polepole, mshono robo inchi, tepu mkononi.

Sasa imepita kwa inchi moja na nusu, na kidogo juu.

Uzi mzuri, kosa kubwa zaidi. Nimecheka peke yangu. Halafu nimekasirika sana.

Jumamosi, 8 Machi
Nimerudi kwa mwenye duka la uzi. Anasema uzi mnene hula kitambaa kidogo kwenye kila mkunjo, ndiyo maana mara ya kwanza safu ilipita kwa inchi moja tu. Uzi mwembamba hauli. Kwa hivyo ule mbovu ulikuwa unanifichia kosa. Kosa gani? Hajui. Nikamwambia labda anauza uzi unaovutika kama lastiki. Sikusema kwa adabu. Watu walikuwa wanasikia.

Jumanne, 11 Machi
Basi ni cherehani. Hii yangu ya miguu ni kuukuu, meno yake ya kuvuta kitambaa yameisha. Nimebeba vipande mpaka mtaa wa Kimumu kwa rafiki yangu Rose, mwenye cherehani ya stima. Inatembea laini, mshono umenyooka kabisa. Nimeshona safu mbili.

Zote zimepita ribeni. Inchi ileile na nusu.

Nimemwambia Rose mashine yake ni ya kuangaliwa tu. Amenimiminia chai. Nimerudi nyumbani nikiwaza kwamba labda ribeni ndiyo mbaya. Labda Mama Kipruto ameikata fupi makusudi, aone fundi wa mjini akihangaika. Nimemwazia hivyo mchana kutwa. Ni wazo baya na nimelipenda.

Ijumaa, 14 Machi
Nafula: "Mum, si tununue tu blanketi huko town? Hakuna mtu atauliza."

Nimeumia. Nimeshona zipu ya mteja upande usiofaa.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya kanisa nilikuwa nakata vipande vya safu ya mwisho. Nafula ameketi karibu akimenya ndizi. Mara akauliza, "Na hiyo line ya chaki umechora ya nini, Mum? Mbona unakata nje yake?"

Nikasema sikati nje. Akasema kata kingine. Nikakata. Tukaangalia wote wawili. Mkasi umepita nje ya chaki, kidogo tu, kama ncha ya ukucha.

Nimekata kingine, nimekaza macho. Nje tena.

Kila Januari wazazi wanajaa kibandani: "Fundi, acha ya kukua," kitambaa cha ziada, nguo imfae mtoto na mwakani. Miaka ishirini na miwili nimeacha ya kukua. Mkono umezoea mpaka hauniulizi. Ukucha kila upande, vipande kumi na vinne, hiyo ndiyo inchi yangu na nusu. Nimekasirikia uzi, nimetukana mashine ya watu, nimemsingizia Mama Kipruto. Nimeona haya hata mbele ya Nafula. Yeye amecheka mpaka ndizi imemwanguka.

Jumatano, 19 Machi
Kufumua. Kupunguza. Vipande tisini na nane. Sasa nakata juu ya chaki yenyewe na mkono unabishana nami kila mara.

Gauni la bluu la darasa la saba bado lina upindo wa kukua. Mengine yote niliyafungua mwaka baada ya mwaka. Hili sikulifungua, maana alienda shule ya bweni na hakulivaa tena. Ndani ya upindo, bluu ni mpya kabisa. Nimekata kipande kimoja hapo, nusu imepauka, nusu mpya. Nimelia kidogo. Sijui hasa kwa nini.

Ijumaa, 21 Machi
Safu saba. Zote sawa na ribeni. Nimepima mara nyingi, siamini. Nimempigia Rose nikaomba msamaha. Kwa mwenye duka nimeenda mwenyewe.

Jumamosi, 22 Machi
Chepsaita. Tumeweka nusu mbili mezani mbele ya wageni. Zimekutana, kona kwa kona. Mama Kipruto amenishika mkono, wake ulikuwa umelowa jasho. Akaninong'oneza, "Mama Nafula, mimi nilifumua yangu mara nne. Niliogopa fundi atanicheka."

Sikumwambia nilivyomwazia. Tumeshona mshono wa katikati pamoja, kwa mkono, uzi mwembamba. Nafula alikuwa akiniangalia.

Jumatatu, 24 Machi
Mvua ya kwanza. Kaptula mbili, sketi moja. Mama mmoja ameleta mtoto wa kuanza shule muhula ujao. Nimeacha inchi mbili za kukua.

Jioni nimesonga ugali. Nilipougeuza kwenye sahani ndipo nikaona ni wa watu wawili, mimi na Nafula. Mkono tena. Nimekula upande mmoja, nusu ya pili nimeifunika. Nitaila asubuhi na chai.