Habari za Tumbo

Jumatatu, 4 Machi

Simu thelathini na nane kabla ya saa sita! Wagonjwa wote wa utafiti. "Habari za tumbo?" — tiki — anayefuata. Nzuri thelathini na moja! Miaka kumi na moja nachungulia matumbo yanayovimba na kuchubuka hadi kutoa damu, na sasa vidonge vyetu vinakubali. Profesa kanipigia makofi mbele ya wote. Alhamisi ya wiki ijayo tunasoma matokeo mkutanoni. Mume wangu kaniuliza zamu yake lini, amechoka kuwa mume mwenza wa utumbo mpana. Nimecheka mpaka machozi.

Jumatano, 6 Machi

Mama Cherehani amelazwa. Yule fundi wa magauni ya harusi, namba kumi na saba kwenye orodha yangu. Hawezi kusimama, damu imepungua mno mwilini. Binti yake anasema mama anahara damu tangu wiki ya pili ya dawa, mara kumi, kumi na mbili kwa siku. Nikafungua faili. Wiki ya pili: nzuri. Ya tatu: nzuri. Zote sita, nzuri! Mwandiko wangu.

Nikamuuliza mwenyewe, kwa upole, mbona hakusema. Akashangaa. Eti nilimjulia hali, naye akaitikia. Mtu akikuuliza habari si unaanza na nzuri, halafu ndiyo yafuate matatizo?

Kumbe! Nami ndiye niliyelitunga swali. La zamani lilikuwa refu, la kuhesabu choo na damu. Nikalifupisha, nikajisifu kuwa langu ni la kistaarabu.

Ijumaa, 8 Machi

Simu zetu hurekodiwa. Nimezisikiliza za Mama Cherehani. Heri nisingesikiliza. Wiki ya nne anasema, "Nzuri, dokta, ila—" nami nadakia, "Haya mama, wiki ijayo!" Sekunde tisa, simu nzima. Ya tano vilevile. Ya sita, Jumatatu hii hii, hakufika hata kwenye "ila". Alishanikatia tamaa. Nimelia chooni, bomba nimelifungua nisisikike.

Daktari wa upasuaji anasema angeletwa wiki tatu nyuma, huenda dawa zingetosha. Sasa utumbo mpana wote unatolewa kesho, na atavaa mfuko wa choo tumboni. Binti kanishika mikono, kanishukuru: nisingekuwa nampigia mama yake kila wiki, wangemkosa. Nikaitikia asante. Asante! Uso mkavu kiasi gani huu?

Jumamosi, 9 Machi

Amepasuliwa. Yuko hai. Nimesimama mlangoni mwa wodi, sikuingia.

Jumapili, 10 Machi

Nimemfuata Profesa kwake, nimemweleza yote. Anasema mgonjwa mmoja si utafiti. Swali liliulizwa, jibu likaandikwa, basi. Akauliza rekodi ziko wapi. Kwenye kompyuta yangu tu, nikamwambia. Akasema tusikuze mambo. Hakuniambia nifute. Wala hakunikataza.

Nami — hapa hasomi mtu, niseme — nilirudi nikakaa na kidole juu ya kitufe kama dakika kumi. Nilitaka kufuta. Nilitaka sana. Miaka kumi na moja! Nafsi inanisuta hata kwa kutaka.

Mume wangu leo hakutania. Kauliza tu wamebaki wangapi. Thelathini na saba. Wanameza vidonge vilevile, asubuhi na jioni.

Jumatatu, 11 Machi

Sijafuta. Sijamwambia Profesa pia. Saa tatu asubuhi, orodha mezani, lile swali refu nimelitoa kabatini.

Nimeanza na namba moja, mwalimu mstaafu. Nzuri mara sita mfululizo, ndiye tunayejivunia kwenye jedwali. Kapokea kwa furaha. Hajambo, watoto hawajambo, tumbo nzuri kabisa. Hapo ndipo huwa nakata. Nikapiga moyo konde: mwalimu, tangu jana umekwenda chooni mara ngapi, na damu uliiona?

 Kaniomba nisubiri, akafunge mlango, mkewe yuko sebuleni. Nasubiri. Naandika haya simu ikiwa sikioni.

Karudi. Ananong'ona. Anauliza kama leo nina muda.