Baba, Jibu la Yule Mama Nimelipata

Baba yangu, shikamoo. Nakuamkia japo najua hutaitika.

Wanao wote walipata kazi za kueleweka isipokuwa mie, niliyebaki Usagara kwenye banda la video, natia Kiswahili kwenye filamu za watu. Hukuwa mtu wa kuja. Siku ile ukaja, ukakaa benchi la nyuma. Filamu ilikuwa ya sayari mbili zilizopigana. Askari mzee anashuka na chombo chake kwenye sayari aliyoiunguza, anampigia magoti mama aliyefiwa na wanawe, anaomba msamaha. Mama akajibu. Kiingereza chake sikukipata, nikafanya tunavyofanya siku zote, nikatunga: "Msamaha bila mahari? Toka hapa, babu!"

Watu walicheka mpaka wakapiga mabenchi. Wewe ukatoka. Nikakufuata nje.

"Bakari, yule mama kasema nini hasa?"

"Baba nawe! Mie nijuaje? Nimetunga tu."

"Basi tafuta. Vita ya Uganda nilichoma nyumba nikidhani tupu. Haikuwa tupu."

Nikakuahidi. Sikutafuta. Niliogopa jibu lisije likawa baya, nikakuacha unangoja mpaka tukakuzika. Kosa langu hilo, wala silipaki rangi.

Sasa nimemwomba mwalimu mmoja wa Muheza anisikilizie. Yule mama alisema: "Kusamehe kwa niaba ya waliokufa siwezi. Ila ingia ndani, kuna chakula."

Juzi nimeionyesha tena filamu ile, na maneno ya mama kama alivyoyasema mwenyewe. Wakapiga kelele: "Chekesha bwana! Leo umefiwa?" Nikasimamisha picha nikawaambia ndiyo, nimefiwa, na baba yangu alikuwa askari kama huyu, na alichokifanya nikakisema. Wengine wakaondoka. Waende!

Baba mdogo kanijia juu: "Unamwanika marehemu!" Nikamjibu, nyie mlionyamaza mkadhani mnamstahi, mwenzenu alikuwa anaungua peke yake. Mie sinyamazi tena, hata mnitenge.

Ijumaa nasoma hitima yako hapa nyumbani. Na wale wa ile nyumba ya Uganda nitawaombea pamoja nawe, dua moja, kwa sauti, majirani wasikie. Majina yao siyajui, Mungu anawajua. Baba mdogo kaapa haji. Sinia lake nitalitenga hivyohivyo.

Lala, baba.

Mwanao, kitindamimba