Mpigo wa Pili wa Mzee Agnelo

Toronto, baridi ya 2009

Bibi, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Goti linasemaje? Usiisingizie baridi ya Morogoro. Baridi yenyewe ninayo mimi huku. Mumeo ni mzima na sura imezidi kung'aa. Bado nabeba boksi ghalani, ila sasa ni mpiga piano pia. Na wewe ulisema aliyekimbia shule kidato cha pili atapiga miayo tu!

Aliyenifundisha ni Mzee Agnelo, Mgoa wa Dar, wale wenye asili ya Goa kule India. Ujanani alipiga piano mahotelini huko, akahamia huku, akawa mtunzi wa tango. Si lile la kachumbari, Bibi. Ni muziki wa kucheza mmekumbatiana. Usinune, ni heshima tupu. Alitunga, akaipangia bendi nzima nani apige nini.

Tango huishia kwa mipigo miwili. Yeye alipiga wa kwanza, wa pili akauficha. Wachezaji wanasimama wameshikana, wanangoja mpaka apende mwenyewe kuupiga. Nikamuuliza, "Mzee, mbona unawatesa?" Akacheka. "Hapo katikati ndipo kwangu, kijana."

Mwezi uliopita, Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa kanisa Mississauga, akapiga wa kwanza. Tukangoja. Watu wanatabasamu, wengine wamefumba macho. Tukangoja tena. Bibi, alikuwa ameshakufa, ameketi wima vilevile. Wa pili haukupigwa.

Bendi ikanipa kiti chake kwa majaribio. Nikiharibu, nibaki na boksi zangu. Jumapili iliyopita tukapiga tango lilelile. Nikatamba, nikawakonyeza akina dada. Nikapiga wa kwanza, nikataka kumalizia hapohapo, maana mimi simngojeshi mtu. Mikono ikagoma hewani. Ukumbi kimya, theluji dirishani, watu wamegandana.

Mpigo wa pili ukalia. Ndipo vidole vyangu vikashuka, vikakuta vile vibao vya piano vimeshabonyea. Vina joto.

Makofi, Bibi, we acha! Mpiga fidla akaninong'oneza, "Umempatia mzee kabisa. Kiti ni chako."

Kiti nimekichukua. Jumapili narudi, ila nitakaa pembeni kidogo ya benchi la piano, nimwachie Mzee nafasi.

Msalimie Mama, na Mjomba fundi baiskeli, na dada yangu muuza vitumbua asije akala fungu langu. Na usiolewe kabla sijarudi.

Mumeo asiye na mshindani,
Festo